Mwanamke Mmoja Muuza Mkaa

"Kuandika ndani ya kitabu cha maktaba ni kosa, mama," alisema Edna, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kumhoji Bi Nuru kuhusu biashara ya mkaa, akikikumbatia kitabu hicho.

"Basi kama jina la mama yangu haliandikwi humo, ondoka na maswali yako," alijibu Bi Nuru, akiendelea kupima mkaa kwa kopo. "Kitabu cha wafanyabiashara wa mji huu. Wenye maduka wote wametajwa. Hata yule aliyefunga baada ya mwaka mmoja wamemwekea picha. Mama yangu, aliyewasha majiko ya mji mzima miaka thelathini, ni 'mwanamke mmoja muuza mkaa'."

"Labda profesa aliyekiandika alisahau kumuuliza jina."

"Alikaa kwenye benchi hilo siku tatu, mwanangu. Akanywa chai ya mama kila siku."

Edna alilitazama benchi hilo, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikalia. Kisha akafungua ukurasa wa arobaini na mbili, wenye maneno hayo, akakilaza kitabu juu ya gunia na kutoa kalamu.

"Andika wewe, mama. Faini nitalipa."

Bi Nuru alijifuta mikono kwenye kanga, lakini haikutakata. Aliandika pembeni, polepole, jina la mama yake: Sikudhani binti Makame. Alipoinua mkono, alama nyeusi ya kidole chake ilibaki chini ya jina.