Somo la Kupumzika

Enzi hizo wanyama hawajalijua neno likizo, Punda alimbebea Nyati maji ya kuuza kutoka mtoni, asubuhi hadi jioni. Wenzake wawili walishaanguka njiani wakafukuzwa. Naye alijua akianguka tu, kazi hana.

Nyati hakuwa na roho mbaya. Ila hajawahi kubeba dumu. Akamwita Kasuku, mtaalamu wa mapumziko, awafundishe punda waliobaki kutuliza akili. Somo likapangwa Ijumaa, siku yao pekee ya kulala.

“Fumbeni macho,” akasema Kasuku. “Sahauni kazi.”

Punda akafumba, akasahau, akakoroma.

“We Punda! Unalala kwenye somo la kupumzika?” Nyati akafoka. “Kusanya virago!”

“Taratibu, bwana mkubwa,” akasema Kasuku. “Huyu ndiye pekee aliyeelewa. Ukimwamsha, naanza upya.”

Nyati akanywea. Punda wengine kuona hivyo, nao wakaelewa, wakalala fofofo.

Jioni Tembo, mteja wa Nyati, akaleta habari kwamba maji yamemwishia. Nyati akawatazama punda, akamtazama Kasuku, akabeba madumu mwenyewe. Safari ya kwanza alifoka njia nzima. Ya pili alihema tu. Baada ya safari ya tatu akaja darasani akichechemea.

“Mwalimu,” akanong'ona, “bado mnaandikisha?”

Punda akafumbua jicho moja, akamsogezea nafasi. “Kesho kazi saa ngapi, mzee?”

Nyati alikuwa anakoroma tayari, na punda wote wakalihesabu hilo kuwa ni jibu.