Fomu ya Swala

Enzi wanyama walipokuwa na sekondari yao, Kasuku ndiye aliyekadiria nani ataingia chuo na nani hataingia. Alizitazama alama za Swala, akapiga mluzi.

"Binti, nafasi yako ya kuingia ni tisini na tisa kwa mia!" Kisha akamgeukia Nungunungu. "Wewe moja. Tena nimekuhurumia."

Nyumbani kwa Swala ikawa sherehe. Fomu ya kuomba chuo aliitupa jikoni bila kuijaza. "Niijaze ya nini? Chuo chenyewe kitanifuata!"

Majina yalipobandikwa, Swala alisoma orodha juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Hakuwemo! Aliyekuwemo ni Nungunungu.

"Haiwezekani!" alipiga kelele. "Wewe si ulipewa moja?"

"Ndiyo, mwenzangu, na hata fomu sikuwa nayo. Zilikwisha kabla sijafikiwa," alijibu Nungunungu kwa upole. "Lakini siku ya sherehe yako, mama yako alinifungia vitumbua kwenye karatasi. Nilipoikunjua, nikapigwa na butwaa. Nikang'oa mwiba mgongoni, nikaijaza hapo hapo, ikinuka mafuta."