Sheria ya Kupe

Kupe walipozidi mbugani, baraza la wanyama liliketi kutunga sheria. Kabla mjumbe yeyote hajafungua mdomo, Shashi, yule ndege anayeshinda migongoni mwa wenzake akidonoa kupe, alitua mbele ya Mwenyekiti Nyati na rasimu chini ya bawa.

"Nimewarahisishia kazi," alisema. "Mimi ni mjasiriamali, kupe nawajua kuliko ninyi. Na sidai hata asante."

Rasimu ilikuwa fupi. Kila mnyama atakaguliwa na Shashi kila asubuhi. Kugaagaa topeni ni marufuku.

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Ngiri peke yake hakutikisa. Huyo hata maji huyanusa mara mbili kabla ya kuyanywa.

"Tope likitukaukia mwilini, kupe hubanduka nalo," alisema. "Sasa wewe limekukosea nini?"

"Ni uchafu, mzee wangu. Wageni wakija watatuonaje?"

"Haya. Na kupe wakiisha, wewe utakula nini?"

Shashi akacheka, akampigapiga begani kwa bawa. "Ondoa wasiwasi, mzee. Hawataisha."

Wajumbe wote wakamgeukia. Shashi akatazama huku na huku, asijue amekosea wapi.

Nyati alikuwa ameshainua mguu apige rasimu muhuri wa kwato. Akaushusha polepole, akatangaza kwamba kikao kitaendelea kesho, na kwamba kitafanyika topeni.