Mtihani wa Kitambaa cha Ukuta

Trekta lilinguruma, kamba ikakazika, na kitambaa cheupe kikaanza kuvutika. Kavata, mhandisi wa ukuta, alizuia pumzi.

Kikichanika mbele ya watu wote hawa, kwisha habari yake. Ukuta wa bahari uliotangulia hapa Takaungu ulianguka kwa sababu kitambaa kilichotandikwa chini ya mawe kilipasuka na mchanga ukatoroka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii wenyeji waliapa halitawekwa hata jiwe moja mpaka kitambaa kipimwe hadharani. Wakikikataa, mkubwa wake Dedan alikuwa amesema, ukuta utahamishiwa Kikambala, naye Kavata atafute kazi kwingine.

Kitambaa kilivutika kama shibiri moja, kikatulia. Magurudumu ya trekta yakazunguka bure mchangani. Watu wakashangilia, isipokuwa Bi Widad. Bahari ilikwisha kumlia nusu ya ua wake, na hakuwa mtu wa kushangilia ovyo.

"Maji yanapita?" aliuliza.

Kavata akamimina ndoo nzima. Maji yakapita, yakaenda zake.

"Na mchanga? Mchanga ndio adui yetu, mwanangu."

"Haupenyi, Bi Widad. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Na jua je, halikiozeshi?"

Kavata nusura amkumbatie. Chuoni alisoma na watu wasiowahi kuuliza swali zuri namna ile. "Jua kali litakichosha baada ya miezi mingi. Lakini chini ya mawe hakitaliona."

Bi Widad alikifikicha kitambaa, akakinusa, akakivuta yeye na shoga yake mmoja huku na mwingine huku. Kisha akawageukia kina mama wenzake. Wakanong'onezana kama watu wanaopokea posa.

"Tumekikubali," akasema.

Machozi yalimlenga Kavata. Jioni mafundi walipomaliza kukitandaza ufukweni, tayari kwa mawe, alimpigia simu Dedan. "Bosi, watu hawa tuliwadharau bure. Wanajua kitambaa kuliko sisi."

Asubuhi lori la mawe lilipofika, ufukwe ulikuwa mtupu. Palibaki nyayo tu, nyingi, zikielekea mjini. Kavata alizifuata, zikampitisha vichochoroni, zikamtoa kwenye uwanja nyuma ya nyumba ya Bi Widad.

Kitambaa kilikuwepo chote, kimetandazwa juani bila kunyanzi, kimejaa dagaa kutoka pembe hadi pembe. Bi Widad alikuwa katikati, akiwageuza taratibu.

"Shikamoo, Bi Widad," Kavata alisema.

"Marahaba, mwanangu! Karibu. Wallahi ulisema kweli, hawana hata chembe ya mchanga." Akamtilia dagaa wachache kiganjani aonje. "Haya, na huo ukuta, mtautandikia nini?"