Bunduki za Soweto West

Rangi ya bunduki ya mbao, ya tisini na tatu kwa hesabu, ilikataa kukauka, kwa hivyo Wabwire akaiegemeza bunduki kando ya jiko, karibu na sufuria ya uji. Mkewe Sella aliitazama kwa jicho baya.

"Hizi ni za wezi," akasema. "Wataingia benki nazo, halafu wewe ndio utanyongwa."

Wabwire aliendelea kupiga msasa. Yeye alikuwa fundi wa viti na vitanda mtaani Soweto West, na kusema kweli aliogopa kitu hicho hicho. Tena kulikuwa na Derrick. Kijana wao alikuwa ameandikwa askari wa mpakani juzi tu, mwaka huo wa tisini na sita. Baba akishikwa, kazi ya mtoto nayo kwisha.

Ijumaa akaja Ephantus mwenye oda, na suti yake ya bei ghali. Wabwire alimkazia macho.

"Bosi, naomba kuona karatasi ya oda."

"Si nilikuambia ni za serikali? Za gwaride." Lakini akaitoa. Mhuri ulikuwa wa kweli kabisa. Bunduki mia mbili.

"Hapa hawajaandika za mbao."

"Karani alisahau. Wewe paka rangi vizuri, fundi. Na usiweke alama yako popote."

Hapo ndipo Wabwire alipoudhika. Mafundi wa soko la Toi huweka alama chini ya kila kiti, maana viti huazimwa matangani na kurudi vimechanganyika. Yake ilikuwa mikato mitatu ya patasi. Akaikata chini ya kila kitako cha bunduki, makusudi. Wakimpeleka kortini atawauliza, mwizi gani huacha alama yake?

Lori likabeba mzigo. Miezi miwili Wabwire alisikiliza habari za redio, akingojea hiyo benki. Wapi. Hata Sella akaanza kumtania.

"Kumbe ulikuwa unaogopa bure, Baba Derrick."

"Nani aliniogopesha?" Wakacheka, roho ikatulia.

Kisha ikaja barua ya Derrick, imekawia njiani wiki tatu. Sella akaisoma kwa sauti.

"Baba, tumefika mpakani. Lori limetushusha na kurudi. Wezi wa mifugo wako ng'ambo ya mto, moshi wao tunauona. Leo tumefungua masanduku ya bunduki mpya. Nimegeuza yangu, nikatazama chini ya kitako. Ina mikato mitatu."