Televisheni ya Selpher

Pesa za Selpher zilitosha televisheni mpya ya inchi kumi na nne, au ile kubwa ya mtumba yenye mstari wa kijani pembeni.

"Mama, chukua hii mpya, iko na waranti," muuzaji wa duka la Barabara ya Luthuli alimshauri.

"Jumapili msichana wangu anakimbia marathoni huko Japani. Miaka minne sijamwona."

"Hata kwa hii ataonekana tu."

Selpher aliinama kuitazama ile ndogo. Wachezaji walikuwa wakifukuzia mpira, na vichwa vyao vilikuwa vidogo kuliko ukucha wake.

Akahamia kwenye ile kubwa. Mtangazaji wa kike alikuwa akitabasamu. Selpher akaligusa shavu la mtangazaji huyo kwenye kioo, na vinyweleo vya mkono vikasimama.

"Nifungie hii," akasema, bila kuondoa kiganja.