Nyumba ya Nyuma ya Kilima

Kombo alikuwa ameshaupenda ule ua mpana wa nyumba waliyoletwa na dalali kuitazama. Kwa bei ya vyumba viwili vya kubanana karibu na hospitali, huku wangepata vitano na kisima. Mkewe, Nasikiwa, hakutulia. Alifungua madirisha akayafunga tena, mtoto wao mwenye pumu akiwa amelala mgongoni.

"Hospitali iko upande gani?" alimuuliza dalali.

"Ng'ambo ya kilima kile, dada. Si mbali."

"Na akibanwa kifua usiku?"

Dalali alimtazama Kombo. Kombo alitazama kisima.

Nasikiwa aliikaza kanga iliyombeba mtoto, akatoka, akashika njia ya kilimani kwa miguu.

"Unakwenda wapi?" Kombo aliita.

"Kupima umbali."

Kombo alibaki mlangoni na ufunguo mkononi, akimtazama mkewe anavyozidi kuwa mdogo, na kilima bado kiko kule kule.